Bogoria: Rangi Zina Wenyewe

Picha za Bogoria zinafanana. Mvuke unapanda, flamingo wako mbali, na jamaa ameinama anachemsha yai kwenye chemchemi. Wachache huelekeza kamera chini, pale maji yanapopoa kidogo na mwamba unageuka kijani na rangi ya chungwa. Sehemu kubwa ya rangi hiyo si ya mawe. Ni vijidudu kwa mamilioni, wanaoishi kwenye maji ambayo kidole chako hakiwezi kuvumilia.

Kule Dallol, Ethiopia, chemchemi zina asidi kali kushinda siki. Bogoria ni kinyume: maji ya magadi, pH karibu 10. Kiumbe akizoea hayo mazingira, vimeng'enya vyake, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, pia huvumilia sabuni na joto. Viwanda vinavitafuta sana. Kule Yellowstone, Marekani, bakteria aliyepatikana kwenye chemchemi ya moto miaka ya 1960 ndiye alikuja kutupa kimeng'enya cha kipimo cha PCR, kile cha Covid.

Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kutoka kwa vijidudu hivyo, kampuni ya Genencor ilipata kimeng'enya kinachokula nyuzi za juu za pamba. Ukikiosha na jinzi, rangi ya bluu inafifia bila kusuguliwa na mawe. Hizo jinzi zilizopauka ndizo sisi hupigania kwenye mtumba, kuanzia Gikomba hadi soko la Naitiri. Huenda yako imepitia mikononi mwa kijidudu Mkenya.

Mwaka wa 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai mgao. Upande wa pili ulikana kosa. Shida ni kwamba ukitoroka na pembe ya ndovu, utashikwa uwanja wa ndege. Ukitoka na tope kwenye chupa, nani atakuuliza? Kanuni za Kenya kuhusu kugawana faida za viumbe kama hawa zilikuja 2006. Mwaka uliofuata, kampuni ya Novozymes ya Denmark ilitia saini mkataba na KWS.

Basi, haki imepatikana? Pole pole. Kabla ya watafiti na kampuni, Bogoria ilikuwa kwa Waendorois, wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo na kuomba Mungu kando ya ziwa hilo. Serikali iliwafurusha kuanzia 1973 ili kutenga hifadhi ya wanyama. Sampuli zilipochukuliwa, wenyewe walikuwa nje karibu miaka ishirini. Mkataba wa 2007 nao ulikuwa kati ya kampuni na KWS.

Waendorois walienda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitangazwa 2010: serikali itambue umiliki wao, iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na mrabaha. Tangu hapo wamekuwa wakidai utekelezaji, huku ziwa likifura na kumeza baadhi ya zile chemchemi.

Tukilalamika kwamba wazungu walituibia vijidudu, tuko sawa. Lakini hilo neno "tu" tulitumie kwa makini. Nairobi inadai Denmark. Waendorois wanadai Nairobi. Deni ni lilelile.