Chanjo Ndani ya Chungu

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Takriban theluthi moja yao walipotea. Muuaji alikuwa distempa, ugonjwa wa virusi ambao ni ndugu wa surua, na nyayo zake ziliwarudisha watafiti vijijini, kwa mbwa wa kawaida wanaolinda mifugo pembezoni mwa hifadhi. Mfalme wa nyika kuangushwa na ugonjwa wa mbwa wa mfugaji!

Tangu hapo mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa kwa kampeni, dhidi ya distempa na pia kichaa cha mbwa. Lengo linalojulikana duniani ni kuwafikia asilimia 70 ya mbwa. Hapo kichaa hukosa njia ya kupita.

Tatizo lilikuwa baridi. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na vijiji vingi havikuwa na umeme, sembuse friji. Timu zilikuja na gari na barafu, zikachanja siku moja, zikaondoka. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa wiki iliyofuata alingoja mwaka mzima.

Mwaka 2016 utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo ya kichaa hubaki na nguvu miezi sita kwenye nyuzi 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Ndipo mkoani Mara dozi zikaanza kuhifadhiwa palepale vijijini, ndani ya chombo cha udongo kinachopozwa kwa maji, kwa kanuni ileile ya mtungi wa bibi.