Riwaya Isiyo na Mzimu

Wanafunzi wa fasihi hawachoki kumwuliza mwalimu ni kitabu kipi cha kutisha akipendacho kuliko vyote. Hutaraji kutajiwa majini na mashetani. Mimi, nifundishaye Kiswahili hapa Kigali, huwatajia kitabu kisicho na jini hata mmoja, nacho ni Murambi, riwaya ya Msenegali Boubacar Boris Diop iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2000. Jibu hilo huwashangaza, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika riwaya nyingi za Kiswahili tulizozisoma ujanani, kifo kilikuwa kitendawili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti inaonekana mzimuni, watu wanashikwa na hofu, kisha anatokea Bwana Msa na kiko chake, naye anafumbua fumbo kwa akili tupu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatuletea Simu ya Kifo. Hofu ya vitabu hivyo ni tamu, kwa sababu ina mwisho: muuaji akishajulikana, msomaji huzima taa akalala.

Sasa tuje Kigali. Mwaka 1998, miaka minne baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, waandishi wapatao kumi wa Kiafrika walialikwa kuishi Rwanda, kuwasikiliza watu, kisha kuandika. Mpango huo ulianzishwa na tamasha la Fest'Africa la mjini Lille, Ufaransa. Alikuwamo Véronique Tadjo wa Kodivaa, Tierno Monénembo wa Guinea, Abdourahman Waberi wa Jibuti, na Meja Mwangi wa Kenya. Nocky Djedanoum wa Chad aliuita mkusanyo wake wa mashairi Nyamirambo!, yaani kwa jina la mtaa wetu huu ambao Kiswahili husikika kila kibarazani, na ambao jina lake huhusishwa na neno imirambo, maana yake maiti. Diop naye alikuwa miongoni mwao.

Riwaya yake inamfuata Cornelius, mwalimu wa historia (walimu wenzangu, liangalieni jambo hilo) anayerejea nchini mwaka 1998 kutoka Jibuti alikokuwa akifundisha. Anajua kwamba mama yake na ndugu zake waliuawa. Asilolijua ni kwamba baba yake mzazi, daktari aliyeheshimiwa, ndiye aliyewakusanya maelfu ya watu katika shule ya ufundi ya Murambi kwa kuwaahidi usalama, na mkewe na wanawe wakiwamo. Msomaji halazimiki kumtafuta muuaji, kwani wauaji wenyewe husimama wakasema kwa nafsi ya kwanza, kwa utulivu, kama mtu aelezaye kazi yake ya kutwa. Mwenye duka la kanda za video jijini Kigali naye anasema. Anakumbuka kwamba Kombe la Dunia linakaribia kuanza huko Marekani, na anatambua kwamba dunia haitakuwa na macho ya kututazama. Ukurasa huo mfupi hunitisha kuliko mizimu yote niliyowahi kuisoma.

Shule ya Murambi si ya kubuni. Iko kusini, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Gikongoro. Watu waliuawa hapo tarehe 21 Aprili 1994, na baadaye miili mingi ilihifadhiwa kwa chokaa ikalazwa madarasani. Mwaka 2023 UNESCO ilipaingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Nyamata, Gisozi na Bisesero. Mwalimu aingiapo katika vyumba vile hutazama bila kutaka mahali pa ubao.

Katika kundi lile lile, Koulsy Lamko wa Chad alichagua njia nyingine. Msimulizi wa riwaya yake ni roho ya mwanamke aliyeuawa kanisani, iliyogeuka nondo. Ni kazi nzuri, na wapo wanaoipenda zaidi. Mimi naona kwamba mzimu, hata ukiwa wa huzuni, humpa msomaji faraja kidogo, kwa kuwa marehemu bado ana sauti. Kwa Diop wafu wamenyamaza, na walio hai ndio wenye mzigo. Mzee Siméon, ami yake Cornelius, anawazuia watu wasiibomoe nyumba ya ndugu yake muuaji. Hakuna matanga yanayoanuliwa hapo.

Baada ya Murambi, Diop aliandika riwaya kwa Kiwolofu, lugha ya mama yake: Doomi Golo, mwaka 2003. Mwenyewe ameeleza kwamba yale aliyoyaona Rwanda ndiyo yaliyomrudisha kwenye lugha hiyo. Hapana shaka sisi wa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, tuna la kujiuliza hapo.

Nililijaribu mwaka jana darasani. Tulipomaliza maneno ya msiba, tukagundua kwamba ikiriyo cha Kinyarwanda, yaani kukesha na wafiwa, ni ndugu wa kilio chetu. Kisha nikawaomba wafasiri jina dogo la riwaya lililo jaladani. Kijana mmoja akaandika “Kitabu cha Mifupa”. Msichana aliyeketi nyuma, ambaye kila mwezi wa Aprili hukosa masomo kwa siku kadhaa, akainua mkono.

“Samahani, mwalimu. Nyumbani hatusemi mifupa. Tunasema imibiri, miili.”

Nikamwambia kwamba mwandishi ameandika mifupa. Akajibu kwamba anajua.

Niliyaandika yote mawili ubaoni. Kengele ilipolia hapana aliyeyafuta, nami sikuyafuta.