Dakika 45 za Knight Capital

Ninakagua mifumo ya benki. Siku hizi kila benki ninayoingia inataka kunionyesha akili mnemba yake mpya, jinsi inavyopima wakopaji na kunusa utapeli. Swali langu la kwanza ni moja tu: nani ana ruhusa ya kuizima? Nimelipata kwenye kisa cha Knight Capital, kampuni ya Jersey City, Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta.

Mwishoni mwa Julai 2012 fundi wao aliweka programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikamponyoka. Utaratibu wa kampuni haukudai mtu wa pili ahakiki kazi yake. Kwenye seva hiyo ya nane ilikuwa imebaki programu ya zamani, Power Peg, ambayo waliacha kuitumia 2003 bila kuifuta. Kazi yake ilikuwa kutuma oda mpaka oda ya mteja itimie. Mwaka 2005 walihamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu na kuiambia basi, yatosha.

Tarehe 1 Agosti, soko la New York lilipofunguliwa, Power Peg iliamka. Ikatuma oda bila kukoma.

Kinachoniuma hadi leo ni barua pepe. Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zikiitaja Power Peg kwa jina. Hazikupangwa kuwa tahadhari, kwa hiyo hakuna aliyezishughulikia. Halafu mafundi, wakitafuta kosa huku hasara ikipanda, wakaiondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa sawa. Nazo zikaanza kufanya yaleyale. Baada ya kama dakika 45 mfumo ulizimwa. Hasara ilipita dola milioni 460.

Sheria haikukosekana. Kanuni ya kuwataka madalali wadhibiti mifumo yao ilipitishwa 2010, na Oktoba 2013 Knight ikatozwa faini ya dola milioni 12 kwa kuivunja. Wakati huo ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kampuni ya Getco.

Power Peg haikuwa akili mnemba. Ilifuata amri tu. Akili mnemba tunazozikabidhi funguo leo zinaamua zenyewe. Kwa hiyo, mkurugenzi, andika jina la atakayeuzima mfumo wako, mpe mamlaka ya kufanya hivyo bila kusubiri kikao, na mwezi huu mwambie auzime kwa majaribio.