Diwani: Daftari Lililovuka Mipaka

Sayyidna Umar bin Khattab alipoletewa mali kutoka Bahrain, Madina haikuwa na utaratibu wa kuigawa. Masimulizi ya Kiislamu yanasema aliyeileta ni Abu Huraira, na kwamba alipotaja dirhamu laki tano, Khalifa alimtaka arudie, hakuamini alichosikia. Ushauri ukaitishwa. Waliokwisha kuona mambo ya mataifa jirani walieleza kuwa wafalme wa Ajemi huweka daftari, na humo kila anayestahili kulipwa huandikwa jina lake na fungu lake. Basi karibu mwaka wa 20 Hijria, yaani 641 Miladia, kazi ya kuandika ikaanza. Makarani walipotaka jina la Khalifa litangulie, akakataa. Orodha ikaanza na jamaa za Mtume, naye Umar akangoja zamu ya ukoo wake. Waliopigana Badri waliandikiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka, Bibi Aisha 12,000.

Daftari hilo liliitwa diwani.

Neno lenyewe ni la Kiajemi. Ibn Khaldun, katika Muqaddima, anasimulia kisa cha Kisra, mfalme wa Ajemi, aliyewapitia makarani wake wakipiga hesabu, kila mmoja akijisemesha, akasema hawa wamepagawa. Jina la wenda wazimu likabaki kuwa jina la ofisi. Kisa kitamu, lakini wataalamu wa lugha hawakifuati. Wao wanalipeleka kwenye dipi, neno la Kiajemi cha kale lenye maana ya maandishi, na kutoka hapo hadi kwa Wasumeri, ambao kibao cha udongo cha kuandikia walikiita dub. Mimi nawafuata wao, kwa sababu maana zote ambazo neno hili limezibeba tangu hapo, hata zile zinazoonekana kuwa mbali sana, zinamrudia mtu aliyeshika kalamu.

Kwanza daftari likawa ofisi. Kabla karne moja haijatimia, dola ya Kiislamu ilikuwa na diwani ya jeshi, diwani ya kodi ya ardhi na diwani ya barua. Upande wa pili, daftari likawa mkusanyiko wa mashairi. Hapa wengi wetu hushangaa, lakini njia yake ni fupi. Waarabu wa kale waliusifu ushairi wao kuwa ndio diwani yao: humo zimewekwa nasaba, vita, visasi na sifa za watu ambao hakuna karani aliyewaandika. Shairi lilikuwa kumbukumbu ya kabila, na kitabu kilichokusanya mashairi ya mtu mmoja kikapata jina la kumbukumbu. Ndiyo maana tuna diwani ya Hafidh wa Shiraz, na ndiyo maana Goethe, baada ya kumsoma Hafidh katika tafsiri ya Kijerumani, alikipa kitabu chake cha mwaka 1819 jina la Diwani ya Magharibi na Mashariki.

Kwetu hakuna mfano bora kuliko Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tungo zake za mwanzoni mwa karne ya 19 zimejaa mvutano wa Mazrui, watawala wa mji, na Sultani Seyyid Said, kejeli kwa mahasimu, na hali ya mji siku za shibe na siku za njaa. Zilikaa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Mwaka 1940 mhariri Hichens alizichapisha Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Anayetaka kujua watu wa Mombasa walivyouona mvutano ule hana budi kuanzia humo.

Bandarini neno lilishika njia nyingine. Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubair, akitoka Andalusia kwenda Hija, alitia nanga Iskandaria. Maofisa walipanda chomboni kabla abiria hawajashuka, wakaandika kila mtu jina lake, sifa zake, nchi yake, na bidhaa au fedha alizonazo. Kisha abiria wakapelekwa diwanini. Mizigo ikafunguliwa katika msongamano, mikono ikapenyezwa viunoni mwa watu kutafuta kilichofichwa, na baada ya hayo yote wakaapishwa kama wana kingine. Ibn Jubair aliliona jambo hilo kuwa aibu, akaliandika kwa uchungu. Wafanyabiashara wa Italia waliijua diwani ya namna hiyo, nayo kwao ikawa dogana. Mfaransa akasema douane, Mhispania aduana. Pwani yetu ilikuwa na neno lake, forodha, na Forodhani ya Unguja ni ushahidi.

Neno likawa pia jina la kiti, nacho kilitoka barazani. Katika kasri la Topkapı, mawaziri wa Sultani wa Uturuki walikutana chini ya kuba, wamekaa kwenye benchi refu lenye matakia kando ya ukuta, na juu yao dirisha la kimiani ambalo Sultani aliweza kuwasikiliza bila kuonekana. Baraza hilo liliitwa divan. Wazungu walichukua jina wakaacha shughuli, na hadi leo Mrusi akisema divan anakusudia sofa ya sebuleni.

India ndiko neno lilikouma. Diwani wa Wamughali alikuwa mtu, waziri wa mapato, na mamlaka yake pia yaliitwa diwani. Tarehe 12 Agosti 1765, huko Allahabad, Mfalme Shah Alam II aliikabidhi Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki diwani ya Bengal, Bihar na Orissa, kwa ahadi ya rupia laki 26 kila mwaka. Kampuni ya wachuuzi ikawa mkusanya kodi wa mamilioni ya watu. Ukame ulipofika na Bengal ikaingia katika njaa kuu ya 1770, kodi iliendelea kudaiwa.

Pwani ya Afrika Mashariki nako diwani alikuwa mtu, tena mwenye enzi. Vumba, kusini mwa Mombasa, ilitawaliwa na madiwani, na siwa na ngoma vilikuwa alama za ukubwa wao. Kwenye pwani ya Mrima, hadi Bagamoyo ya Washomvi, madiwani walitoza ada misafara ya bara. Leo Tanzania humchagua diwani wa kata, na sarufi imegawa kazi vizuri: diwani huyu amechaguliwa, diwani hii imechapishwa.

Kenya ilikuwa na madiwani hadi 2013, mabaraza yao yalipofutwa na mabunge ya kaunti kushika nafasi. Sasa mjumbe huitwa mwakilishi wadi. Jina hilo linaeleza kazi, ila halina nasaba. Magofu ya Vumba Kuu yako katika Kaunti ya Kwale, na ningefurahi bunge la huko likiwa la kwanza kulirudisha jina la diwani.