Kusomesha Watoto Nyumbani: Sheria ya Kenya Inavyomfikia Mzazi wa Ekerenyo

Mzazi wa Ekerenyo, kule Nyamira Kaskazini, akiamua kwamba wanawe watasomea sebuleni, kitu cha kwanza atakachouliza ni fomu ya kuomba ruhusa inachukuliwa wapi. Fomu hiyo haipo. Afrika Kusini wanayo: Sheria ya Shule ya 1996, kifungu cha 51, inamruhusu mzazi kuomba mtoto wake asajiliwe kwa masomo ya nyumbani, na mkuu wa elimu wa mkoa ndiye anayeamua. Kenya haikutoboa mlango wa aina hiyo.

Shina la jambo lenyewe ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hapo ni ya mtoto. Mzazi amebebeshwa wajibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaja ikafafanua wajibu huo. Kifungu chake cha 30 kinamtaka mzazi wa mtoto Mkenya, au mtoto yeyote anayeishi Kenya, ahakikishe mtoto huyo anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Akikaidi, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Ugomvi wote umejificha katika hiyo taasisi nyingine. Wanaotetea masomo ya nyumbani husema mtoto anayefuata mtaala, mwenye vitabu na ratiba, anapata elimu anayostahili. Ni hoja ya haki, lakini sheria haiulizi kama mtoto anajua kugawanya sehemu. Inauliza anasomea wapi, na mahali hapo pameidhinishwa na nani. Ubao ukutani na meza iliyosogezwa karibu na dirisha havigeuzi nyumba kuwa taasisi.

Jambo hili limekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Butere, Kaunti ya Kakamega, aliyekuwa akifundisha wanawe nyumbani, alikamatwa na kushtakiwa. Yeye na mzazi mwingine wakaenda Mahakama Kuu wakidai sheria hiyo inakiuka Katiba. Mwaka 2021 mahakama ikakataa ombi lao. Ajabu ni kwamba katikati ya kesi, Machi 2020, serikali yenyewe ilifunga shule kwa sababu ya korona na kuwataka watoto wasome kwa redio, runinga na intaneti. Nchi nzima ikawa inasomea nyumbani, bila sheria kubadilishwa.

Vijijini sheria hii haianzii kwa hakimu. Huanza Januari, naibu chifu anapopita boma kwa boma akiuliza nani hajaripoti shuleni. Swali lake ni moja: mtoto yuko shule gani? Mwenye jina la shule iliyosajiliwa hasumbuliwi. Ndiyo maana familia chache zinazokusanya watoto na kuajiri mwalimu hushauriwa kusajili kituo chao kama shule ya kibinafsi kupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti, na mwalimu huyo awe amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Mtoto mwenye ulemavu ana nafasi pana zaidi, kwa kuwa sera ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inatambua elimu ya nyumbani kwa asiyeweza kufika shuleni.

Hata asiyebishiwa hodi na naibu chifu atakutana na Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC). Zamani mzazi angeweza kumfundisha mtoto miaka yote, kisha akamtafutia kituo cha mtihani mwishoni. Mtaala wa umilisi umeibana njia hiyo. Matokeo ya Gredi ya 9 hujumlishwa hivi: asilimia 60 ni mtihani wenyewe wa KJSEA, asilimia 20 hutoka mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, na asilimia 20 ni tathmini zinazofanywa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Alama hizo za mwisho huwasilishwa na shule. Mtoto aliyesomea mezani kwa mamake, hata akiwa hodari namna gani, hana mwalimu mkuu wa kumpelekea alama zake.