Ndege iliyorudi Ulaya na mshale wetu

Mimi niko hapa Annexe, Lubumbashi, na kila ninaposoma namna ndege wanavyofuatwa kwa satelaiti, ninajiuliza: mtu wa kwetu yuko wapi katika kazi hiyo?

Mwanzoni alikuwapo. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, walimpiga korongo mweupe mwenye mshale shingoni, urefu wake sentimita 80 hivi. Mshale ulitoka Afrika. Wakati ule wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana ndege wanaenda wapi wakati wa baridi. Kuna waliosema wanalala chini ya maji. Mwindaji wa Afrika ndiye aliwajibu, bila kujua. Korongo yule anatunzwa mpaka leo kwenye Chuo Kikuu cha Rostock.

Kisha ikaja pete. Mwaka 1899, kule Denmark, mwalimu Mortensen alianza kufunga ndege pete za alumini zenye namba. Mbayuwayu aliyefungwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Pete nayo ilihitaji mtu wa huku: asipoiona na kuandika barua, habari hakuna.

Mwaka 2011 mambo yakageuka. Shirika la British Trust for Ornithology liliwavisha kekeo watano (Wafaransa wanamwita coucou) vifaa vya gramu 5 vinavyotumia jua. Kifaa kinatuma habari saa 10, kisha kinajichaji saa 48. Kekeo mmoja, Chris, walimfuata miaka minne, akishuka mpaka misitu ya bonde la Kongo. Habari inatoka msituni kwetu, inapanda juu, inashukia Uingereza. Hakuna tena wa kuandika barua.

Sisemi ni vibaya. Kabla ya hapo, pete za Uingereza zilileta habari moja tu ya kekeo kutoka kusini ya Sahara: Kamerun, mwaka 1930. Lakini satelaiti inaonyesha nukta tu. Haisemi ni mti gani, viwavi anaokula ni wengi ao wachache, nani anakata msitu kwa ajili ya makala.

Basi wewe unayetafuta kichwa cha TFC ao memwari, nukta ziko tayari kwenye ramani. Anayekosekana ni mtu wa kusimama chini ya ule mti.