Munzihirwa, askofu aliyebaki na watu wake

Mwaka 1971, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, waliwakumbuka wenzao waliouawa na askari katika maandamano ya tarehe 4 Juni 1969. Rais Mobutu alikasirika, akaamuru waingizwe jeshini kwa nguvu. Kati yao walikuwemo vijana wa shirika la Wajesuiti. Padri Christophe Munzihirwa, Mjesuiti mzaliwa wa Burhale, Walungu, hakulazimishwa kwenda. Lakini aliomba mwenyewe avae magwanda pamoja na vijana hao.

Tendo hilo laeleza maisha yake yote. Hakuwa na bunduki wala gereza la kutisha watu. Alichokuwa nacho ni neno lake, na watu walilisikiliza kwa sababu walimwona akibeba mzigo pamoja nao.

Mwaka 1994 alipewa kuongoza jimbo kuu la Bukavu, baada ya kutumikia Kasongo. Mwaka ule ule wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Munzihirwa aliomba wapokelewe kama watu, na kosa la wauaji lisitwikwe mama na mtoto. Maneno hayo hayakumpendeza kila mtu. Pia hakunyamaza mbele ya askari wa Zaïre waliokuwa wakipora raia, ingawa walikuwa askari wa nchi yake.

Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi walikimbia, yeye akabaki. Aliwasihi wakaaji watulie na wasaidiane, akaiomba dunia iwaokoe raia. Kumwambia mtu atulie wakati mabomu yanaanguka si jambo dogo. Anayeliweza ni yule tu ambaye yuko chini ya mabomu hayo hayo.

Jioni ya tarehe 29 Oktoba, mji ukiangukia mikononi mwa AFDL na jeshi la Rwanda, gari lake lilisimamishwa Nyawera. Wanajeshi wakamuua.

Miaka imepita, na viongozi wenye silaha waliopita Kivu ni wengi. Walitiiwa walipokuwepo, walipoondoka, amri zao ziliondoka nao. Munzihirwa hakuamuru mtu, na hadi leo Bukavu inamtaja.

Familia zinazoishi kambini zinamjua kiongozi wa namna hiyo bila kufundishwa: ni yule ambaye mvua ikiingia hemani, inamlowesha yeye pia.